Kila Mzigo na Kikao Chake

Fundi alimaliza kushona, akachomeka sime ndani ya ala, akaigeuza ala juu chini na kuitikisa mara tatu kwa nguvu juu ya mapaja yake. Sime haikutoka. Kisha akapeleka mkono wa kulia kwenye mpini, na sime ikachomoka bila sauti, bila kuvutwa mara mbili. Akanitazama kuona kama nimeelewa.

Ilikuwa saa nne asubuhi kando ya Barabara ya Namanga, hapa Kitengela. Malori yalikuwa yakipita na vumbi lao, bodaboda zikipiga honi, na mzee huyu amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli uliochanika, na msharasi, kisu, donge la nta na mkebe wa maji wenye vipande vya ngozi vilivyolowa. Nilikuwa nimepita hapo miaka mitatu nikienda kupanda matatu, na sikuwahi kusimama.

Sime ya Kimaasai, olalem, inamtesa mshona ala. Ni nyembamba karibu na mpini, halafu inapanuka kuelekea nchani kama jani refu. Basi mdomo wa ala lazima upitishe lile bapa pana, na papo hapo ushike shingo nyembamba ya sime isichezecheze. Mzee huchonga vibanzi viwili vya mbao, huvikalisha uso kwa uso, huvifunika kwa ngozi iliyoloweshwa na kuishona ingali na maji. Ngozi ikikauka hujivuta, na mbao hubanwa kuliko mkono wowote unavyoweza kubana. Siri iko katika kujua ikauke kiasi gani kabla ya kuingiza sime kwa mara ya kwanza. Ukiwahi, ngozi inatanuka na kubaki legevu. Ukichelewa, mwenye sime atapigana na ala yake siku atakapoihitaji.

Nilimwendea kwa sababu ya aibu niliyoipata Jumamosi iliyotangulia. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wamekodi uwanja wa nyasi na migunga, upande wa Kajiado, tucheze ule mchezo wa kurushiana risasi za rangi. Nilijiandaa kama mtu anayehama. Sokoni kwenye mitumba nilikuwa nimepata fulana nene ya nailoni yenye mifuko kumi na mmoja, nikaona ni dhambi kuacha hata mmoja ukiwa mtupu. Niliweka maji lita tatu, simu, betri ya akiba, mikebe ya risasi, tochi mchana kweupe, dawa, kisu cha kukunja, na biskuti. Nilipoipima nyumbani baadaye ilikuwa kilo tisa. Karibu zote zilikaa kifuani. Nikilala kifudifudi, mikebe inanichoma mbavu. Nikiinama, mzigo unanivuta niangukie uso. Nikikimbia, maji yanaruka upande wao na mimi wangu. Raundi ya pili haijaisha, kamba ya bega ilikuwa imekata juu ya mtulinga hadi vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, na nikaketi nje ya uwanja.

Hapo ndipo nilipomwona kijana aliyekuwa akichunga mbuzi upande wa pili wa waya. Beberu mmoja alichepuka kuelekea korongo, naye akatoka mbio. Kiunoni alikuwa na sime, rungu amelifutika kwenye mshipi, kibuyu kimening'inia kwa ukanda uliopita bega moja na kulala mgongoni. Aliruka korongo kavu, akatua, akaendelea. Kilichonishangaza ni mikono yake, maana hakuipeleka kiunoni wala kwenye kibuyu. Mtu aliyebeba vibaya utamjua akikimbia: mkono mmoja hushika mfuko. Tazama stendi ya Kitengela saa moja asubuhi, watu wanapokimbilia gari, utaona mikono mingapi imeshika mifuko.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kutazama viuno na mabega ya watu, na jambo nililoliona ni hili: uzito na wepesi havikai kwenye mizani peke yake. Kilo mbili zilizokaa pasipo pake huchosha kuliko tano zilizokaa pake. Lugha yetu imelijua hilo zamani. Kiswahili hakitosheki na neno moja la kubeba. Mzigo wa kichwani tunajitwika, na kichwani tunatanguliza kata. Mtoto wa mgongoni tunamweleka, wa mapajani tunampakata. Cha kiunoni, ndani ya mkunjo wa nguo, tunakifutika. Cha ndani ya kiganja tunakifumbata. Mbeba maji wa pwani alikuwa na mzegazega wake begani, ndoo mbele na ndoo nyuma zikisawazishana. Mpagazi wa misafara ya zamani alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kutoka bara hadi bahari. Kikosi cha wapagazi walioteswa na vita vya 1914 hadi 1918 kimeacha jina lake Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na sidhani tunaopita huko kununua viondo na vitenge tunawakumbuka inavyostahili.

Wanasayansi nao wamelipima. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya waliozoea mizigo tangu utotoni: Waluo waliojitwika kichwani, na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwagharimu nguvu ya ziada katika kutembea. Mama wa kilo 60 alibeba kilo 12 kana kwamba hakubeba. Miaka tisa baadaye, mwaka 1995, utafiti mwingine ulieleza chanzo chake: mwendo wao hubadilika chini ya mzigo, mwili ukabembea kama timazi la saa na kupoteza nguvu kidogo katika kila hatua. Si kila mtu anao ujuzi huo. Watafiti waliowapima wanawake wa Afrika Kusini mwaka 2010 hawakuona nafuu hiyo kwa wote, na shingo za mama zetu zina habari yake ambayo hakuna aliyeiandika ipasavyo. Lakini mimi ninachokichukua ni kwamba mwili na mzigo hufundishana, na mahali mzigo unapokaa ndipo somo linapoanzia.

Huko nje watu wamefikiri sana juu ya jambo hili. Wajapani walianza miaka ya 1970 kucheza na bunduki za kuchezea zinazorusha vipira vya plastiki, vingi vya milimita 6, na mchezo umeenea dunia nzima pamoja na fulana na mikanda yake. Vingi vya vifaa hivyo hufuata mfumo wa MOLLE, ulioingia jeshi la Marekani mwaka 1997: safu za utepe wa nailoni wa upana wa milimita 25, nafasi ya milimita 25 kati ya safu na safu, na mshono kila baada ya milimita 38, ili mfuko wowote upachikwe popote. Ni kazi ya akili, nami naiheshimu. Ila ina hatari yake: safu tupu zinakuita uzijaze. Yule mchunga mbuzi hana safu. Kila alichobeba kilishonewa mahali pake na mtu aliyekitazama kiuno chake.

Kitazame kibuyu chake kwa karibu. Ni tunda lililokaushwa, ganda tupu, jepesi, gumu. Ndani limepitishwa kaa la oloirien, mzeituni-mwitu, ndiyo maana maziwa yake yana harufu ya moshi isiyosahaulika. Kifuniko ndicho kikombe. Ukanda umekizunguka chini na ubavuni kabla ya kupanda begani, hivyo uzito unabebwa na ngozi pana na shingo ya kibuyu haivutwi. Hakuna kitu hapo kisicho na kazi, na vingi vina kazi mbili. Shuka ni nguo, ni blanketi, ni kivuli, ni furushi. Akala za miguuni zimekatwa kutoka tairi lililokwisha kutembea maisha ya kwanza. Nimesikia watu wakiuita huu umaskini wa vitu. Nakataa kabisa. Ni kazi ya watu waliotembea, na kila hatua ilikuwa hakimu.

Kwa hiyo nilimwambia mzee shida yangu, nikamwonyesha ile fulana. Aliipindua, akabonyeza mshono mmoja kwa kidole gumba, akauliza kwa upole, "Kijana wangu, hii inakaa wapi ukikimbia?" Sikuwa na jibu.

Fulana nimeiweka. Mifuko minane nimeifumua uzi kwa uzi, na imebaki mitatu. Maji nimeyapunguza hadi lita moja na nusu, nayo nimeyahamishia mgongoni, juu, karibu na uti wa mgongo, ambapo hayavuti mtu nyuma. Kizito kinakaa karibu na mwili, na cha kuchukuliwa haraka kinakaa pale mkono unapofika bila macho. Tumboni hakuna kitu, nipate kulala chini. Rangi ni ya udongo tupu. Mabaka ya jeshi raia haruhusiwi kuyavaa nchini Kenya, na nyasi za Kajiado wakati wa kiangazi zina rangi hiyohiyo ya udongo. Kabla ya kutoka naruka mara kumi mlangoni. Kinachogonga kinabaki nyumbani.

Mshipi ndio nilimwachia mzee. Upana wa vidole vinne, ngozi ya ng'ombe, na mfuko mdogo wa simu kama anaowashonea wachungaji siku hizi. Nilidhani atanipima kwa kamba. Alinisimamisha, akanifunga ule mkanda ukiwa bado hauna matundu, akaushika nyuma kwa mkono wake, akaniambia nitembee. Nikatembea hadi kwenye kibanda cha M-Pesa na kurudi, yeye ananifuata ameuma kigwe mdomoni, kiganja chake kimebana kiunoni mwangu. Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa. Akaushusha mkanda kidogo, ukakalia mfupa wa nyonga, akaweka alama kwa ukucha.

"Pumua," akasema. "Vuta hewa yote."

Nikavuta. Akasogeza alama nusu kidole, akachukua msharasi.