Ufagio na Shati: Kuisoma Upya Tawasifu ya Booker T. Washington

Makala haya yanakusudia kukitazama kitabu kimoja ambacho wahubiri wetu hukitaja mimbarani mara nyingi kuliko wanavyokisoma, nacho ni Up from Slavery, tawasifu ya Booker T. Washington iliyochapishwa mwaka 1901. Mwandishi alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, Marekani, asimjue baba yake wala tarehe ya kuzaliwa kwake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, jamaa yake walihamia Malden, West Virginia, naye akiwa bado mtoto akafanya kazi kwenye matanuru ya chumvi, kisha katika mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1872 alifunga safari ya maili 500 hivi, mara kwa miguu, mara kwa kuomba kupakiwa, hadi shule ya Hampton. Mwaka 1881 akawekwa kuwa mkuu wa kwanza wa shule ya Tuskegee, Alabama. Kwamba kitabu cha namna hii chaweza kumtia moyo msomaji hakuna ubishi. Swali letu ni kwamba kinamtia moyo kwa njia gani.

Habari inayopendwa zaidi ni ile ya ufagio. Kijana Washington alifika Hampton akiwa na senti 50, mchafu na mwenye njaa, baada ya kulala usiku kadhaa chini ya njia ya mbao ya wapita kwa miguu katika mji wa Richmond. Mwalimu aliyempokea hakumkubali wala hakumkataa. Alimwambia tu akafagie chumba kimoja cha darasa. Kijana akakifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha leso yake juu ya mbao za ukutani na meza, asipate hata chembe, akampokea. Washington mwenyewe anasema kufagia kule ndiko kulikokuwa mtihani wake wa kuingia chuoni.

Hapo wahubiri hufurahi, na methali iko tayari: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tuliwahi kumsikia mhubiri mmoja akiisimulia habari hii vizuri sana katika siku ya vijana, kisha akawauliza wasikilizaji wake wamefagia mara ngapi. Baada ya ibada kijana mmoja aliyekuwa amefeli mtihani wa kidato cha nne alitujia, akatuuliza kwa sauti ya chini kama tulidhani yeye hakufagia vya kutosha. Hatukuwa na jibu jema siku ile. Tulikuwa tukijua kwamba kwao walikuwa wakisomea taa ya kibatari, na kwamba shule yake ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu.

Swali la kijana yule ndilo lililotufanya tukisome kitabu upya. Kwa maana mahubiri ya ufagio, kwa jinsi yanavyohubiriwa, ni sheria iliyovikwa kanzu ya Injili. Aliyefaulu anaambiwa kwamba amefaulu kwa bidii yake, na aliyeshindwa anaachiwa hukumu. Sisi tunaofundisha kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani (Efe. 2:8-9) tungalipaswa kuitambua sauti hiyo mara moja. Tena methali ile haimwulizi mtu yeyote ni nani aliyekisukumia kitu mvunguni.

Hatusemi kwamba kazi ya mikono ni aibu. Luther alifundisha kwamba hata kazi ya mtumishi wa nyumbani ni utumishi mbele za Mungu, na Washington anapolisifu jembe na tofali tunamwitikia kwa moyo wote. Lakini ufagio huo una historia yake, na historia hiyo imefika hadi kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ambaye aliwahi kufundisha Hampton, na mmoja wa wajumbe wake akiwa James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast. Tume hiyo ilizihimiza serikali za kikoloni na misheni zitoe elimu iliyofungamana na kilimo, ufundi na maisha ya kijijini, na Hampton na Tuskegee zikawa vielelezo vyake. Palikuwa na mema ndani yake. Hata hivyo walowezi na watawala waliotaka Mwafrika aishie kwenye jembe walipata hapo hoja iliyonyooka.

Tena kitabu kina ukimya wake. Kilipotoka mwaka 1901, Alabama ilikuwa ikitunga katiba mpya iliyowanyang'anya watu weusi kura. Washington anaandika kana kwamba makundi ya kuwatisha watu weusi yamekwisha kusahauliwa, ilhali kumbukumbu zilizokusanywa baadaye na chuo chake mwenyewe zaonyesha kwamba mwaka ule ule zaidi ya watu weusi 100 waliuawa na makundi yenye hasira bila kuhukumiwa. Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois alimkosoa vikali kwa upole huo. Lakini mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Giles, iliyopinga kunyimwa kura huko Alabama, na aliyekuwa akimlipa wakili kwa siri ni Washington mwenyewe. Tuseme nini basi? Kitabu kiliandikwa kikiwa na macho kwa matajiri weupe wenye fedha za kujengea shule, na fedha zilipatikana: mwaka 1903 Andrew Carnegie peke yake alitoa dola 600,000. Hatumhukumu mwandishi kwa hilo, maana aliishi mahali ambapo neno moja liliweza kuchoma shule. Lakini ayatoaye maneno yake kuwa kanuni ya uvumilivu kwa maskini wa leo anahubiri nusu tu ya mtu yule.

Basi kinatutia moyo wapi? Kwa maoni yetu, penye shati. Washington anasimulia kwamba watoto watumwa walishonewa mashati ya makapi ya kitani, ambayo yakiwa mapya yalichoma ngozi kama mamia ya sindano. Hakuwa na la kuchagua: ama avae shati hilo, ama akae uchi. Ndipo kaka yake John, aliyemzidi umri, akalivaa shati jipya kwa niaba yake siku kadhaa mpaka likalainika. Ni sentensi chache tu, na wengi huzipita. Sisi tulipofika hapo tulikifunga kitabu kwa muda. John hakuwa na mamlaka ya kuliondoa shati lile duniani. Alichokuwa nacho ni ngozi yake mwenyewe. Tumekwisha kusoma maelezo mengi marefu juu ya Gal. 6:2 ambayo hayaifikishi aya hiyo mahali mtoto huyu alipoifikisha.

Ukianzia hapo, kitabu kizima kinasomeka kwa namna nyingine. Unamwona mama asiye na fedha za kofia ya dukani, asiyekubali kukopa, akimshonea mwanawe kofia kwa vipande viwili vya kitambaa. Unawaona wazee waliokuwa watumwa wakimpa kijana aendaye Hampton sarafu moja moja, mwingine leso. Unamwona bibi kizee wa miaka 70 hivi, mwenye matambara lakini safi, akiingia Tuskegee kwa mkongojo na kutoa mayai sita yawe sehemu yake katika elimu ya vijana. Carnegie alisifiwa magazetini. Bibi huyu hata jina hakuandikwa. Washington, ambaye mara nyingi anahesabu dola kwa furaha kubwa mno kwa ladha yetu, anakiri hapa kwamba hakuna zawadi iliyomgusa kama ile.

Kijana aliyefeli akisomewa sura hizi haulizwi amefagia mara ngapi. Usharika ndio unaoulizwa ni nani amelivaa shati lake. Swali hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa linagusa ada za shule, na mfuko wa diakonia, na wazee wa kanisa wenye watoto waliokwisha kufaulu.

Na John? Alifanya kazi mgodini ili kumsaidia mdogo wake asome Hampton, kisha mdogo wake alipomaliza akamsaidia naye aende huko huko. Baadaye akawa msimamizi wa kazi za ufundi Tuskegee. Hakuandika kitabu. Jina lake limo katika ukurasa wa kutabaruku, pamoja na la mke wa mwandishi, Margaret, kabla sura ya kwanza haijaanza.