Uhakiki wa Sesheni ya Pamoja katika Kurasa za DHIS2: Mfano wa Mikoa ya Mbeya na Iringa

Taarifa za MTUHA kutoka vituo vya afya vya Mbeya na Iringa, kama ilivyo katika mikoa mingine ya Tanzania Bara, huingizwa katika DHIS2, programu ya Java inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kurasa zake za awali zilitengenezwa kwa Struts na Velocity; za baadaye zilitengenezwa kwa React, nazo hupata data kupitia API iliyoandikwa kwa Spring. Kwa miaka kadhaa aina zote mbili zilitumika sambamba, na mtumiaji aliingiza nywila mara moja tu.

Hilo liliwezekana kwa sababu aina hizo zilihudumiwa na programu moja katika seva. Kivinjari hutuma kidakuzi cha JSESSIONID katika kila ombi, na seva hukitumia kutambua sesheni ileile bila kujali teknolojia ya ukurasa. Ubora huo haupingiki. Hata hivyo, kurasa za awali hazikuhifadhi utambulisho wa mtumiaji pekee. Kituo kilichochaguliwa kwenye mti wa vituo nacho kiliwekwa katika sesheni.

Hapa ndipo udhaifu unapojitokeza. Vichupo vyote vya kivinjari hutumia sesheni moja. Mtumiaji mwenye mamlaka juu ya mikoa yote miwili akichagua kituo cha Mufindi katika kichupo kimoja, kisha cha Rungwe katika kingine, sesheni hubaki na Rungwe. Kichupo cha kwanza huendelea kuonesha Mufindi, ilhali ombi linalotegemea sesheni hushughulikiwa kwa kituo cha Rungwe. Ujumbe wa kosa hautokei, kwa kuwa mtumiaji ana idhini ya vituo vyote viwili. Takwimu za malaria zikipotoka kwa namna hiyo, makadirio ya dawa nayo hupotoka.

Kumtaka mtumiaji afungue kichupo kimoja tu hakutoshi, maana ni kumtwika mwingizaji data mzigo wa mbunifu. Utaratibu wa API ni imara zaidi: ombi lenyewe hubeba kitambulisho cha kituo chenye herufi na tarakimu 11. Kitambulisho hicho hakibadiliki kituo kinapohamishiwa mkoa mwingine, jambo lenye uzito katika ukanda ambamo Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016.

Hivyo basi, sesheni ya pamoja inafaa kubeba utambulisho wa mtumiaji. Kituo kinapaswa kutajwa katika kila ombi, na seva ithibitishe mamlaka ya mtumiaji juu ya kituo hicho kabla ya kuhifadhi chochote.