Ngagi Analala Wapi?

Katika shule moja ya watoto wadogo hapa Goma, upande wa Ndosho, yuko mwalimu ambaye somo lake la wanyama halianzi na picha. Huanza na swali: "Analala wapi?" Jina la mnyama huja baadaye, na pengine haliji siku hiyo. Watoto wake wana miaka minne, mitano. Wanamwita Madamu.

Nilikaa nyuma ya darasa lake asubuhi tatu. Ya kwanza nilitarajia tembo, nikaletewa mwewe anayezunguka juu ya soko, halafu mjusi wa kwenye ukuta wa mawe ya volkeno, halafu kinyonga. Kinyonga alizua kelele, maana nyumbani wameambiwa ni mkosi. Madamu hakubishana nao. Aliwatoa nje, akawakalisha mbele ya ua wa miti, akanyamaza. Dakika zilipita nyingi, mimi nikaanza kutazama saa. Mwisho kasichana kamoja kakanong'ona: "Madamu, jicho moja inaniangalia miye, ingine inakuangalia weye!" Mkosi ukasahaulika. Mimi ningelieleza jambo hilo kwa dakika mbili, na lisingebaki kichwani mwa mtoto hata mmoja.

Asubuhi ya pili ilikuwa ya ziwa. Aliwaambia kwamba Kivu haina mamba, na viboko wetu wako mbali kaskazini, Ziwa Edward. Kisha akawaambia kwamba sambaza, samaki anayekaangwa kila jiko la mji huu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. "Ni mgeni?" akauliza mmoja. Neno hilo kwetu lina makali, maana hutumiwa kuwatenga watu. Madamu akajibu kwamba amekuja, amezaa, analisha watu, akaendelea na somo.

Ya tatu ndiyo niliyoifuata. Ngagi, yaani gorila wa milimani, ambao mlima wao Mikeno huonekana kutoka darasani mawingu yakiondoka, wanalala wapi? Madamu alimwaga sakafuni lundo la matawi mabichi na majani ya migomba, akaketi katikati. Akavuta tawi la kulia, akalikunja, akalikalia. Akavuta la kushoto, akalikunja juu ya lile la kwanza. Akazunguka hivyo, bila kuinuka, bila kufunga chochote kwa kamba. Uzito wake ndio uliokuwa msumari. Kiota kikawa tayari kabla watoto hawajachoka kucheka. Akawaambia kila ngagi mkubwa hujenga chake, kila jioni kipya, na mtoto mchanga hulala katika kile cha mama. Wakaanza kujenga vyao. Mmoja alikunja matawi kuelekea nje, yakafumuka yote. Hakumsahihisha, alimwachia akae juu yake mpaka tako limwambie.

Katika darasa hilo wako waliozaliwa au kulala chini ya mahema ya wakimbizi. Swali la kulala wapi si jepesi kwao, na nadhani ndiyo sababu analiuliza kwa sauti ileile anayoulizia habari za mjusi.

Halafu mtoto akasema mama yake anapikia makala, yaani mkaa, na makala yanatoka parke. Hapo walimu wengi huhubiri juu ya kukata miti. Yeye alichukua kipande cha kaa, akakiweka kando ya tawi bichi, akauliza: "Hiki kilikuwa nini?" Mti, wakasema. "Nani alikuwa analala kwake?" Wakataja ndege, kima, sokomutu (sokwe mtu). Aliishia hapo. Mtoto wa miaka mitano hana uwezo wa kubadilisha jiko la mama yake, na kumrudisha nyumbani na aibu ni kumwonea. Parke ya Virunga imekuwepo tangu 1925 na wakubwa bado hawajamaliza ugomvi wa kuni na makala.

Nilipotoka, viota vilikuwa bado sakafuni. Nikavihesabu, kumi na saba. Hata watafiti huanzia hapo. Katika hesabu iliyotangazwa 2018, vikundi vilifuata nyayo za ngagi kutoka kiota hadi kiota, vikiokota mavi ya kupimwa maabara. Katika safu ya Virunga, pande za Kongo, Rwanda na Uganda, walipata ngagi 604. Mwaka 2010 walikuwa 480.