Macho kwenye Behewa, Midomo kwenye Mabati

Mwaka 2009 mpiga picha Mfaransa JR alibandika picha za macho ya wanawake wa Kibera, mtaa wa Nairobi, kwenye mabehewa ya treni. Sehemu ya chini ya nyuso hizo aliibandika kwenye mabati yaliyopangwa mteremkoni, chini ya reli. Treni ilipopita, nyuso zilikamilika kwa nukta chache, kisha macho yakaenda zake.

Wengi huisifu kazi hii kwa maudhui, yaani heshima ya mwanamke wa mtaa. Mimi hunivuta zaidi fani yake. Ni mshororo wa vipande viwili: ukwapi, kipande cha kwanza, unatembea; utao, cha pili, umetulia; na maana huzaliwa vinapokutana. Mkutano huo unategemea treni ipite palepale kila safari, bila kuyumba.

Hapo chuma ndicho mtunzi. Gurudumu la treni halikuchongwa bapa; ni nene zaidi upande wa ndani, kwa mwinamo ambao kwa kawaida ni 1 kwa 20, hivyo likisogea pembeni umbo lake hulirejesha katikati. Uzito wote linaoubeba hupita penye mguso wenye ukubwa wa sarafu. Chuma kikilika haraka, umbo hupotea na behewa huanza kucheza. Kwa hiyo reli hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.7, ambamo matabaka laini na magumu hufuatana; kichwa cha reli kikipozwa upesi, matabaka huwa membamba zaidi na ugumu huongezeka. Lakini ugumu una mpaka. Reli isiyolika kabisa huhifadhi nyufa ndogo ambazo msuguano ungezifuta, nazo hukua hadi kuivunja. Ulikaji kidogo ni sehemu ya uimara.

Reli hiyo ina historia yake mtaani. Kisumu Ndogo, kijiji kimojawapo cha Kibera, kina jina la mji ambako reli kutoka Mombasa ilifika Desemba 1901. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli hiyo papa hapa Kibera. Mwaka uliofuata macho yale yalipita. Bila njia iliyorudishwa mahali pake, uso usingekamilika, na kwangu hilo lina uzito kuliko ukubwa wa picha zenyewe.

Picha mgando zinazosambazwa zinaipunja kazi hii: zinaonyesha uso mzima na kuficha kwamba ulikuwa tayari unaachana. Anayeihakiki aihesabu reli miongoni mwa vifaa vyake, sawa na karatasi na mabati.