Kambale wa Moshi: Msome Kabla ya Kumlipia

Wageni wakifika Sitalike, kusini mwa Mpanda, hukimbilia Mto Katuma kutazama viboko waliobanana kwenye madimbwi ya kiangazi. Mimi hutafuta kwanza mama mwenye ungo wa kambale wa moshi.

Kambale ni samaki wa tope: hana magamba, kichwa bapa, sharubu nane za kupapasia chini ya maji. Na kwa mnunuzi ana sifa moja kubwa: hana kisingizio. Sato akitolewa majini hafiki mbali. Kambale ana kiungo juu ya mashavu, mfano wa kichaka kidogo chekundu, kinachompa pumzi ya hewa. Akifunikwa majani mabichi, hufika kwa mkaushaji bado anajinyonganyonga. Kwa hiyo akioza kabla ya moto, ujue alifia wavuni akalala humo, au aliachwa juani. Moshi hautibu kuoza, hukufunika tu. Kazi yako ni kusoma yaliyompata kabla ya kupanda chanjani.

Mkunjo. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, mnunuzi naye aliachiwa fundisho. Kambale wengine hukaushwa wakiwa duara, mkia umepitishwa mdomoni au kushikizwa kwa kijiti. Aliyekunjwa mbichi ana ngozi iliyobana, mgongo bila mpasuko. Aliyekwisha kulegea hupasuka upande wa nje, nyama ikaachana. Kisha tazama tumbo: miiba ya mbavu iliyochomoza nje ya nyama ni dalili ya samaki aliyecheleweshwa na matumbo yake.

Rangi. Tafuta kahawia ya asali iliyokolea. Weusi tii si ukavu. Ni haraka ya mtu aliyewasha ndimi za moto badala ya kuvumilia makaa ya miyombo: nje kumeungua, ndani kubichi. Pitisha kidole, kikitoka na masizi, mrudishe. Niliwahi kupumbazwa na mmoja mkubwa, mweusi, mzuri wa kutazama. Siku ya tatu shingo yake ilikuwa na ukungu mweupe.

Mkono. Bonyeza nyuma ya kichwa, palipo na nyama nene kuliko pote. Kidole kikizama, hajakauka. Samaki mkavu ni mwepesi kuliko umbo lake, na ukigonganisha wawili hulia kama kuni. Mwishowe mkung'ute juu ya kiganja. Ukidondoka unga wa kahawia, wadudu wamekutangulia kula.

Pua. Usinuse ubavuni, huko hunuka moshi tu. Nusa kwenye mashavu na ndani ya tumbo. Harufu ya mti uliochomwa ni njema. Harufu kali ya kupanda puani, kama ya choo, ni ya samaki aliyeoza. Harufu ya mafuta yaliyokaa sana ni ya samaki aliyezeeka ghalani.

Baada ya hapo, zungumza.

"Mama, huyu wa lini?"

"Wa juzi, baba. Ngoja nikuvunjie."

Akavunja mkia bila kuombwa. Nyama ilichanika nyuzi nyuzi, kavu hadi kwenye mfupa. Muuzaji anayevunja samaki wake mwenyewe amekwisha kukujibu. Yule anayesema "ukivunja umenunua" naye amekujibu.

Uliza pia samaki katoka wapi. Katuma hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ukalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada kabla ya kuelekea Rukwa, na ndani ya hifadhi kuvua ni marufuku. Anayekutajia bila kusita mahali samaki alikovuliwa, mara nyingi anaijua hata siku.

Nyumbani, kabla hujatwanga karanga za mchuzi, mloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha yachungulie maji hayo. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, harufu ya ukuni, na samaki amebaki mzima, weka sufuria jikoni. Yakiwa meusi, na vipande vya nyama vinaelea vyenyewe, umechelewa kumsoma; lakini kesho, mbele ya ungo, utaanza na mkunjo.