Gu Jun-pyo Hakupaswa Kusahau

Ukibakiwa na epizodi mbili, humfuti stelingi kumbukumbu. Hilo ni kosa la ufundi, wala si suala la nani anapenda nini, na sijali tamthilia ya Kikorea ya Boys Over Flowers imewaliza wangapi kuanzia Kariakoo hadi ng'ambo ya Kigamboni. Tangu DVD zake zilipotandazwa kwenye vibaraza vya Mtaa wa Kongo, na maandishi ya Kiingereza yaliyotafsiriwa kwa kubahatisha, ubishi umekuwa ule ule: Jan-di awe na Jun-pyo au Ji-hoo? Mnabishania kisichobishaniwa. La kuuliza ni nani aliyeamua mwisho ule, wahusika wenyewe au ajali.

Mnakumbuka mambo yalipofikia. Mama yake Jun-pyo, Kang Hee-soo, amebanwa kona. Siri ya baba imefichuka: yule mgonjwa asiye na fahamu ambaye Jan-di alikuwa akimhudumia kumbe ndiye huyo baba, mwenye kampuni ya Shinhwa. Kila uzi umevutwa, kilichobaki ni kufunga fundo. Hapo ndipo mwandishi anapomlaza Jun-pyo hospitali. Akizinduka, anamjua mama yake, anamjua dada yake, anawajua wenzake wote wa kundi la F4. Asiyemjua ni Jan-di peke yake. Pembeni anatokea Yu-mi, binti ambaye hatujawahi kumsikia, anajipachika nafasi ya mpenzi. Mhusika mpya, dakika za majeruhi!

Sadfa ina mahali pake katika hadithi. Inaruhusiwa kuanzisha mgogoro, kuumaliza hairuhusiwi. Na mgogoro wa tamthilia hii ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza: binti wa dobi dhidi ya ukoo wenye kila kitu. Kilele chake kinadai kitu kimoja tu, Jun-pyo asimame mbele ya mama yake, akijua anachokipoteza, aseme ninamtaka huyu. Rudini nyuma mhesabu amekwepeshwa mara ngapi. Siku ya harusi yake na Ha Jae-kyung si yeye aliyekataa. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeipinga ndoa yake. Tukasema sawa, tumvumilie, nafasi nyingine itakuja. Ikaja, naye akagongwa akasahau. Stelingi wa epizodi 25 hakuwahi kupewa mtihani wake wa mwisho, halafu mnaniambia amefaulu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni bega. Jan-di alikuwa muogeleaji, na kuogelea ndiko kulikokuwa tumaini lake. Alipomkinga Jun-pyo kwa mwili wake, kiti kikatua begani, daktari akampiga marufuku kuingia bwawani. Katika tamthilia nzima hakuna deni zito kama lile. Huyu binti ametoa mustakabali wake, na mtazamaji makini anakaa kusubiri aone Jun-pyo atalilipaje. Sasa itazameni upya epizodi ya mwisho. Jan-di yuko ukingoni mwa bwawa, anamkumbushia mambo yao, kisha anajiachia majini na bega lile lile bovu. Jun-pyo anaduwaa, picha za nyuma zinapita, kumbukumbu zinarudi, anaruka kumtoa. Deni limegeuzwa ufunguo wa kufungulia kichwa cha mdaiwa! Aliyeumia anatakiwa aumie tena ili akumbukwe tu, na aliyesahau anasifiwa kwa kurukia maji. Kiufundi, Jun-pyo hajaamua lolote pale. Amekumbuka. Kukumbuka hakuna gharama, kuchagua ndiko kwenye gharama.

Kisha miaka minne inarukwa, Jan-di anasomea udaktari, helikopta inatua ufukweni. Miaka minne! Mama amebadilikaje, baba alipoamka alisema nini, Shinhwa imekuwaje, yote yamemezwa na mchanga wa ufukwe. Muda uliotupwa kwa Yu-mi ndio uliokuwa wa kuyajibu hayo.

Muziki ni mzuri, na F4 walichaguliwa vyema.

Najua utetezi wa mwisho ule: manga ilifanya hivyo kwanza. Kweli, katika Hana Yori Dango ya Yoko Kamio, iliyotoka kwenye jarida la Margaret kuanzia 1992 hadi 2003, Tsukasa, Jun-pyo wa kule, anachomwa kisu, anamsahau Tsukushi mpenzi wake, na hospitalini anatokea binti aitwaye Umi. Lakini jarida lina tabia zake. Hadithi ikipendwa, mwandishi haruhusiwi kuimaliza, basi anazua kikwazo juu ya kikwazo, na kufikia juzuu za mwisho vikwazo vyenye akili vimekwisha, kimebaki cha kupoteza kumbukumbu. Tamthilia ya 2009 haikuwa na shida hiyo. Wakorea walijua mapema hadithi inaishia wapi, wakabeba mzigo ambao wangeweza kuuacha Japani. Eti walikuwa wanapiga picha huku wanarusha hewani. Ndiyo, na haraka hiyo ilikuwa sababu ya kupunguza visa, siyo kuongeza.

Wanaodhani nakataa hila ya kusahau yenyewe waitazame Meteor Garden II ya Taiwan. Pale ajali inampata Dao Ming Si, Jun-pyo wao, kule Barcelona mapema, na msimu mzima unabaki wa kulipia. Anasahau, anaishi na mwanamke mwingine, anampenda kwelikweli, na kurudi kwake kunaumiza watu. Sipendi kila kitu mle, lakini hila ni ile ile na imewekwa mahali pake.

Ugonjwa huu wa ajali kuamua mwisho haujapona. Wasomaji wa manga ya Domestic na Kanojo ya Kei Sasuga walikiona cha moto mwaka 2020. Natsuo na Rui wana mtoto njiani, ndoa imepangwa. Hina, mpenzi wa zamani wa Natsuo, anapata ajali, anapoteza fahamu kwa miaka, anazinduka, Natsuo anamwoa Hina, na Rui anabariki. Watu walikasirika wakidhani wamekasirikia chaguo la mke. Mimi nasema Hina angeweza kuwa mke na nisingelalamika, kama Natsuo angempitisha mwenyewe akiwa mzima, Rui akimtazama usoni. Gari limefanya kazi ya mwanaume.

Wazee walilijua hili. Rumiko Takahashi, katika Maison Ikkoku ya 1980 hadi 1987, alikuwa na mjane anayempenda bado marehemu mumewe, na kijana anayemtaka mjane huyo. Hakumgonga mtu. Alimpeleka kijana huyo, Godai, kaburini kwa mume, Soichiro, akazungumza na marehemu, akakubali kumchukua mjane, Kyoko, pamoja na kumbukumbu zake zote. Oneni tofauti: mmoja anaoa kwa kuikubali kumbukumbu, mwingine kwa kuipoteza na kuiokota. Hapa kwetu, Adam Shafi katika Vuta N'kuvute ya 1999 alimpa Yasmin mume ambaye si Denge mpenzi wake, na msomaji akameza, kwa sababu siasa zilizowatenganisha zilikuwa zimepandwa tangu mwanzo. Mwisho usiopendeza ukiwa umejengwa, hakuna anayedai hela yake.

Bongo Movie nao wasicheke. Wametuuzia sehemu ya kwanza na ya pili ya hadithi isiyojaza hata moja, na dakika kumi za mwisho, mwandishi akikosa cha kufanya, gari linakuja kasi. Nimelisema hilo miaka nenda rudi, na nitalisema hadi wachoke.

Ukibishana na watu kwenye foleni ya pantoni pale Feri watakwambia: si hatimaye wamekuwa pamoja? Shida yako nini? Kwanza, ufukweni pale tumeona posa, ndoa hatujaiona. Pili, stelingi kumpata mpenzi wake ni jambo tulilolijua tangu epizodi ya kwanza. Hatukukaa saa zote zile kuulizia kama atampata, tulikaa kuona atampataje. Ukitaka kuifaidi Boys Over Flowers, ifikishe ya 23 uzime. Mwisho utakaoutunga mwenyewe ukiwa kwenye pantoni utaushinda wao, ilimradi Jun-pyo wako awe na akili zake timamu pale anapomjibu mama yake.