Rika na Kalamu: Kazi ya Monica Wilson katika Rungwe

Wanaoandika historia ya uongozi na mipango ya kazi hupenda kuanza na viwanda vya Ulaya na Marekani, kana kwamba watu wengine hawakupata kuyapanga mambo yao. Mwenye kuamini hivyo na asome kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichotolewa mwaka 1951, juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa wa Rungwe.

Mwandishi huyo, aliyezaliwa mwaka 1908, aliifanya kazi ya uchunguzi huko pamoja na mumewe, Godfrey, kati ya 1934 na 1938. Baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Aeleza jinsi wavulana walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, na jinsi wazee, mara moja katika kila kizazi, walivyowakabidhi vijana utawala kwa sherehe kubwa. Msingi wa yote ulikuwa ukwangala, yaani kula, kunywa na kuzungumza pamoja na wenzi. Wala hakuuficha upande wa pili: aliyewaudhi jirani zake aliogopa pumzi zao, yaani hasira iliyoaminiwa kuleta ugonjwa. Hapo twajifunza kwamba hata umoja mwema huendeshwa kwa hofu kidogo.

Hata hivyo kitabu kina kasoro mbili. Ya kwanza, chaonyesha utaratibu huo kama kitu kilichosimama. Kumbe tangu 1926 Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiitawala Tanganyika kwa njia ya watemi na machifu, na serikali yenye kutaka kodi na mahakama hupendelea chifu ajulikanaye na kudumu, si yule awapishaye wanawe. Tena mkahawa hukaa ardhini miaka mingi. Aliyeupanda hahami kwa wepesi ati rika jipya linataka nafasi. P. H. Gulliver aliupima uhaba wa ardhi katika kitabu chake cha 1958, na S. R. Charsley, mwaka 1969, akawarudia watawala wa Wanyakyusa kwa jicho la historia. Wilson naye hakukaa kimya: katika For Men and Elders, cha mwaka 1977, aliyafuata mabadiliko tangu 1875 hadi 1971. Mtaalamu kuirudia kazi yake baada ya miaka 26 ni heshima, wala si aibu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Uchunguzi wenyewe ulikuwa kazi yenye bwana na karani. Karani huyo alikuwa Leonard Mwaisumo, aliyeishi tangu 1910 hadi 1938, ambaye aliwafasiria akina Wilson lugha na mambo ya kwao. Ilipasa kungoja hadi 2013, katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, ndipo maisha yake yalipopewa sura yake. Msomaji wa Good Company huisikia sauti moja, na hali waliosema walikuwa wengi.

Kwa hiyo mwanafunzi aendaye Tukuyu leo kuuliza habari za utawala wa zamani asitosheke kuandika nani aliamuru na nani alitii. Na aandike pia nani alimfasiria, nani alimpeleka kwa wazee, na kila mmoja alipata nini. Bila hayo, atakuwa ameieleza serikali ya wengine na kuisahau ile aliyoiunda mwenyewe.